Gari Juu ya Mawe

Ile sauti ilianza tena karibu na Otonglo. Kila mara gurudumu la mbele la kushoto lilipoingia kwenye shimo, kitu kiligonga chini ya miguu ya Dalmas Ouma: ng'o, kavu, chuma kwa chuma. Alipunguza mwendo, akashusha kioo ili asikie vizuri, na vumbi la lori lililokuwa mbele likaingia lote. Kwenye lami nzuri sauti ilinyamaza. Lakini kwenye kona usukani ulichelewa kidogo kumtii, kisha ukamtii kwa ghafla, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa tisini na tatu. Mwaka huo shilingi iliporomoka hata muuza spea mmoja mjini Kisumu akafuta bei zote kwenye ubao wake, akaandika neno moja tu: ULIZA. Ukiuliza asubuhi unaambiwa hivi, ukirudi jioni na pesa mkononi unaambiwa vingine.

Gari lilikuwa Peugeot 504, lile refu, lenye keria juu. Mwenyewe ni Mzee Gordon, aliyelinunua kwa malipo yake ya kustaafishwa kazi. Siku za kawaida Dalmas alibeba akina mama wa soko na vikapu vyao vya omena. Ijumaa alibeba maiti. Siku hizo Kisumu haikukosa maiti za kusafirishwa nyumbani mwisho wa juma. Watu walikuwa wanakufa, vijana hasa, na matangani hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina. Jeneza hufungwa juu ya keria kwa kamba, majani huchomekwa kwenye bampa, na ndugu hujipanga ndani wakiimba mpaka nyumbani.

Ijumaa hiyo alitakiwa kumchukua marehemu Lornah, mwalimu wa shule ya msingi, ampeleke kwao kando ya Kombewa. Jamaa walikuwa wameshafika mochari. Lakini Dalmas alipofika mjini hakukata kona ya kwenda mochari. Alinyoosha mpaka Kondele, nyuma ya vibanda vya mitumba, kwenye uwanja wa mafundi wa jua kali, akasimamisha gari mbele ya Enos Wabwire.

Enos alikuwa Msamia kutoka upande wa Busia, mtu mrefu, mpole wa maneno. Yeye na Dalmas walijuana tangu wote wawili walipokuwa matanboi, utingo wa malori. Kibanda chake kilikuwa mabati manne na nguzo, na kando yake mkewe, Nasipwondi, aliwauzia mafundi chai na mandazi.

"Imeanza lini?" Enos aliuliza baada ya kusikia habari yote.

"Jumanne ilikuwa kidogo. Leo inagonga hata kwa shimo ndogo."

"Ukishika breki?"

"Inavuta kushoto."

Enos hakugusa chombo kwanza. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi. Upande wa nje bado ulikuwa na meno. Upande wa ndani ulikuwa umeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Kisha akaingiza jeki, akanyanyua gari, akaweka jiwe chini ya chesisi kwa usalama. Gurudumu likaning'inia. Akalishika juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza, na ile sauti ikasikika.

"Ingia, kanyaga breki."

Dalmas aliingia, akakanyaga. Enos akatikisa tena. Likacheza vilevile.

"Basi si bearing," Enos alisema. "Ingekuwa bearing, ukishika breki mchezo ungeisha. Kuja uone."

Akachukua mtaimbo, akauchomeka kati ya mkono wa chuma wa chini na kifundo cha gurudumu, akaukandamiza taratibu. Dalmas alipiga magoti kwenye udongo mweusi wa oili, akachungulia. Aliona kichwa cha boljointi, kiungo kinachoshikilia gurudumu, kikipanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Mpira wa kukifunika ulikuwa umepasuka zamani, na griisi ilikuwa imegeuka matope.

"Hiyo imekwisha," Enos alisema. "Bushi pia zimekufa, lakini bushi si neno. Nitakukatia za mpira wa tairi, zitasukuma siku. Hii haikatwi kwa tairi."

"Inaweza kufika Kombewa?"

"Inaweza kufika. Inaweza pia kutoka hapo tu, kwa junction. Haitakuambia."

Dalmas alijua. Aliwahi kuona, kule Kisian, gari ambalo boljointi yake ilichomoka. Gurudumu lilijikunja chini ya gari, na gari likapiga goti upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala, dereva bado ameshika usukani usiokuwa na kazi tena. Abiria walikuwa wamelazwa kando ya barabara, wamefunikwa leso.

Na juma lililopita tu Peugeot hili lilipitishwa kwenye ukaguzi. Dalmas alikuwapo. Mkaguzi hakuinama. Alizungumza na Mzee Gordon kando ya ofisi, wakapeana mikono kwa muda mrefu kuliko desturi, stika ikabandikwa kwenye kioo.

Mzee Gordon alipata habari kwa simu ya duka jirani, akaja kwa miguu, amevaa koti lake la kahawia ambalo alilivaa hata jua likiwa kali. Alitazama gurudumu linaloning'inia, akatazama saa.

"Nini mbaya?"

"Boljointi ya chini, Jaduong'," Dalmas alimwambia. "Imeisha kabisa."

"Nimepita dukani juzi nikauliza hiyo kitu." Mzee Gordon alisema kwa sauti ya chini. "Wanataka pesa kuliko ile nitalipwa leo na kesho. Funga gurudumu. Uende polepole. Jumatatu tutaona."

"Polepole haisaidii, Mzee," Enos alisema.

"Sijakuuliza wewe, fundi."

Mzee Gordon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti chuo cha ualimu na mke mgonjwa wa sukari, na gari hilo ndilo lililokuwa ng'ombe wake, shamba lake na pensheni yake. Malipo ya awali ya safari ile alikuwa ameyapokea na yalikuwa yameshapita mikononi mwake: mafuta, na ile salamu ya mkono kwenye ukaguzi. Alikuwa mtu aliyebanwa, na yeye akitafuta wa kumbana.

"Dalmas," alisema, "kuna madereva wanakaa pale stage bila kazi. Unajua."

"Najua, Mzee."

"Basi?"

Dalmas alijipangusa udongo wa oili magotini. Alikuwa na watoto nyumbani Manyatta, na kodi ya nyumba haikungoja mtu. Alikuwa bado anatafuta neno la kusema alipomwona mwanamke akivuka uwanja kati ya injini zilizotapakaa chini, amejifunga leso kiunoni, viatu mkononi kwa sababu ya oili. Alikuwa Beldina, dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa ametembea kutoka mochari.

"Nimeambiwa gari iko hapa," alisema. Hakusalimia, mwenye msiba husamehewa. "Watu wa mochari wametutoa nje. Jeneza iko chini kwa veranda. Mama amekaa kando yake."

"Dereva ndiye amekataa kwenda," Mzee Gordon alisema haraka.

Beldina akamgeukia Dalmas. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka, ya mtu aliyemuuguza mgonjwa kwa muda mrefu akamaliza machozi kabla ya kifo.

"Kweli, ndugu?"

Dalmas angeweza kueleza. Badala yake alimwambia, "Mama, kuja hapa. Shika hii tairi. Huku juu, na huku chini. Sukuma, halafu vuta."

Beldina aliweka viatu chini, akashika, akasukuma. Gurudumu likaenda na kurudi mikononi mwake. Aliliacha kama amegusa kitu cha moto.

"Nani wataketi ndani?" Dalmas aliuliza.

"Mama. Watoto wa Lornah. Mimi. Walimu wenzake." Aliokota viatu vyake. "Hakuna gari ingine? Nimeuliza stage yote. Leo Ijumaa, zote zimechukuliwa. Na kaburi imeshachimbwa."

Nasipwondi aliacha kumimina chai. Mzee Gordon alilitazama jiwe lililokuwa chini ya chesisi.

Wakati huo ndipo Dalmas alipojikuta anatazama upande wa pili wa uwanja. Kando ya ukuta, mbele ya kibanda kilekile cha Enos, palikuwa na Peugeot nyingine, saluni nyeupe yenye namba za serikali. Ilikuwa ya ofisi fulani ya wilaya, na aliyekuwa akienda nayo kazini, sokoni na kwa wapenzi wake alikuwa afisa mmoja ambaye uwanjani hapo walimwita Bwana Mkubwa tu. Ilikuwa imekaa hapo tangu mvua za masika ikingoja gia boksi kutoka Nairobi. Kuku walikuwa wametaga chini yake.

Dalmas aliitazama, kisha akamtazama Enos, akaona Enos naye alikuwa akiitazama.

"Upande wake wa mbele niliufanya mimi," Enos alisema polepole. "Boljointi mpya, za kampuni. Haijatembea nazo hata mpaka Ahero, gia boksi ikakufa."

"Enos," Nasipwondi alimwita kutoka kwenye jiko lake. Kisha akaongea naye kwa Kisamia, maneno machache, ya chini. Dalmas hakuielewa lugha lakini alielewa sauti.

Enos akamjibu kwa Kiswahili, labda ili wote wasikie. "Haiendi popote leo. Boljointi ni ya kuazima tu. Itarudi mahali pake kabla jua halijatua."

"Mimi nikuombe," Dalmas alisema. "Ni mimi nimekuomba. Nikitoka Kombewa nakuja moja kwa moja. Tutaifungua pamoja."

Mzee Gordon alikohoa. "Mimi naenda kununua gazeti," alisema, akaondoka, na gazeti la siku hiyo lilikuwa tayari kwapani mwake.

Walifanya kazi bila maneno mengi. Waliinyanyua saluni ya Bwana Mkubwa, wakaiegemeza kwenye mawe, wakatoa gurudumu. Enos alinyoosha pini, akafungua nati, kisha akachukua nyundo mbili, akagonga sikio la mkono wa chini pande zote mbili kwa mpigo mmoja mpaka ile ncha iliyokaza ikaachia. Boljointi yenyewe ilikuwa imekazwa kwa hesi ndani ya kifundo, na spana yake haikuuzwa duka lolote Kisumu. Enos alikuwa amejitengenezea kwa kipande cha bomba, akakichonga meno kwa tupa. Dalmas alining'inia kwenye mpini wa chombo hicho kwa uzito wake wote hadi hesi ikalia na kulegea. Ikatoka iking'aa, griisi yake bado ya manjano.

Kuitoa ile mbovu kwenye gari la Mzee Gordon kulikuwa vita vingine. Kutu ilikuwa imeshikamana nayo. Ilipotoka, Enos aliiweka kiganjani, akaitikisa karibu na sikio la Beldina. Ilikuwa ikicheza ndani kama mbegu ndani ya kibuyu. Beldina aliangalia pembeni. Bushi nazo zilikatwa, zikasukumwa kwa nyundo na maji ya sabuni. Gurudumu likarudishwa, gari likashushwa. Enos akalitikisa kwa mara ya mwisho. Halikucheza.

"Jioni," alisema.

"Jioni," Dalmas akajibu.

*

Walimkuta mama yake Lornah ameketi kando ya jeneza, amenyoosha miguu, mkono mmoja juu ya mbao. Walilipandisha kwenye keria, wakalifunga. Watoto wawili wa marehemu walikaa mbele pamoja na Dalmas, wamevaa sare za shule kwa sababu ndizo nguo zao nzuri. Wimbo ulianza kabla hawajatoka mjini.

Barabara ilikuwa ileile, na mashimo yaleyale. Baada ya Kisian lami ilikuwa imemegwa kingo, na kila lori lililokuja mbele lilimsukuma nje, gurudumu la kushoto likishuka na kupanda. Dalmas alisikiliza chini ya wimbo. Hakusikia kitu. Usukani ulimtii pale pale alipougeuza. Mabega yake, ambayo hakujua kuwa alikuwa ameyakaza tangu Jumanne, yakashuka. Mtoto mdogo alilala, kichwa chake kwenye mkono wa Dalmas wa gia, na kila alipobadilisha gia alifanya taratibu asimwamshe.

Mahali fulani kabla ya Kombewa ng'ombe walivuka ghafla. Alishika breki kwa nguvu, jeneza likasukuma kamba juu ya vichwa vyao, gari likasimama sawasawa, halikuvuta kushoto wala kulia. Ndani wimbo ulikatika. Beldina, aliyekuwa nyuma yake, aligusa bega lake kwa vidole viwili, akauondoa mkono. Wimbo ukaendelea.

Alitaka kugeuza mara tu jeneza liliposhushwa. Lakini ilikuwa lazima walimu warudi naye mjini, na walimu walikuwa na hotuba. Mwalimu mkuu alisoma wasifu, mzee wa kanisa akasema, shemeji akasema, mwakilishi wa chifu akasimama na kuzungumza juu ya amani na maendeleo huku mvua ikikusanyika upande wa ziwa. Marehemu alipozikwa na watu wakatawanyika, Dalmas alikuwa tayari ameshika mlango wa gari, na mama yake Lornah mwenyewe akaja kumchukua.

"Umeniletea mtoto wangu bila kumwangusha," alimwambia kwa Kijaluo. "Huwezi kutoka hapa na njaa."

"Mama, kuna mtu ananingoja."

"Atangoja kidogo. Kaa."

Hakuna mtu ambaye angeweza kumkatalia mama yule siku ile. Dalmas alikaa. Alikula ugali na nyama akiwa na jicho kwenye jua, na chakula kilikuwa kitamu, na alijiona mwizi kwa kila tonge.

Wakati wa kurudi, polisi walikuwa wameweka miiba barabarani karibu na Otonglo. Mmoja wao, kijana mnene mwenye tochi isiyowashwa, alizunguka gari mara moja. Aliitazama stika ya ukaguzi, akaridhika. Akaomba kuona kizima moto. Dalmas akamwonyesha. Akaomba pembetatu ya ajali. Dalmas akamwonyesha moja.

"Zinatakiwa mbili."

"Afande, tunatoka mazishi."

"Kwani nimekuuliza mnatoka wapi? Egesha kando."

Walikaa kando. Magari mengine yalipita, kila moja likipunguza mwendo, mkono ukitoka dirishani na kurudi. Mfuko wa Dalmas haukuwa na kitu cha kupeana. Pesa za safari zilikuwa zimeshikwa na Mzee Gordon. Hatimaye walimu wakachangishana nyuma ya kiti, mwalimu mmoja akashuka kwenda kusema na afande, na miiba ikavutwa. Jua lilikuwa limeshagusa maji.

*

Alipofika Kondele mafundi walikuwa wanafunga vibanda. Kando ya ukuta, pale saluni nyeupe ilipokuwa, hapakuwa na kitu ila mawe, na mayai mawili yaliyopondwa.

Nasipwondi alikuwa ameketi kwenye benchi yake mbele ya jiko lililozimwa. Hakuinuka.

"Walikuja na breakdown, wakaivuta," alisema. "Saa ileile watu wanakunywa chai ya saa kumi."

"Nani?"

"Bwana Mkubwa mwenyewe. Na fundi wake na askari. Ati gari si ya serikali tena. Huyo dereva wa breakdown ametuambia, bila kuona haya. Kamati imekaa, imesema gari imezeeka, haifai, iuzwe kama chuma chakavu. Na mwenyekiti wa kamati ni yeye. Na aliyenunua ni yeye. Gia boksi mpya ilikuwa kwa breakdown, nimeiona na macho yangu, bado na karatasi." Alijifuta uso kwa leso. "Wakakuta gurudumu moja limetolewa na boljointi haiko. Enos akawaambia ukweli. Akawaambia imeazimwa kubeba maiti, inarudi sasa hivi. Wakamfunga pingu mbele ya watu."

"Wamesema nini?"

"Kuharibu mali ya serikali."

Dalmas aliona kwamba mkewe Enos hakumlaumu kwa neno hata moja, na akatamani angemlaumu. Alikumbuka ladha ya ile nyama.

Mzee Gordon alikuwa amefika, koti lake la kahawia limeanza kulowa manyunyu. Alikuwa ameshasikia yote.

"Ni mambo mabaya," alisema. "Mabaya sana. Lakini gari yetu haina neno, sivyo? Kesho kuna kazi ya Siaya."

Dalmas alichukua jeki ndani ya kibanda.

"Unafanya nini?"

"Natoa kitu cha watu."

"Basi rudisha ile ya zamani. Iko pale kwa debe la dizeli. Tutaenda nayo kesho polepole, tutaona—"

"Hapana, Mzee."

"Dalmas, hii gari ni yangu."

"Ni yako. Itabaki juu ya mawe mpaka upate boljointi. Ukipata dereva wa kuirudisha ile mbovu, mwambie aketi yeye na wewe mbele, msibebe mtu mwingine."

Mzee Gordon alivuta kofia yake chini. Manyunyu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ukingo wa kofia yake. Alisimama hapo muda mrefu akimtazama dereva wake akifungua nati, na mara moja, Dalmas alipohitaji mkono wa pili wa kugonga, mzee yule aliinama bila kuambiwa, akashika nyundo ya upande wa pili. Waligonga pamoja. Ncha ilipoachia Mzee Gordon alinyanyuka, akafuta mikono kwa lile gazeti, akaondoka bila kuaga.

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Nasipwondi alitaka kwenda naye. Dalmas akamwomba abaki afunge kibanda, vyombo visije vikaibwa. Alitembea na boljointi mfukoni mwa koti, nzito, ikimgonga paja.

Kwenye kaunta alikuwapo konstebo mwenye mvi, mtu aliyechoka, akinywa chai kutoka kikombe cha bati. Dalmas aliitoa, akaiweka mbele yake.

"Hii ni nini?"

"Boljointi ya gari ya Bwana Mkubwa. Nimeirudisha. Naomba fundi aachiliwe."

Konstebo aliigeuzageuza mkononi kama mtu aliyeuziwa samaki asiyemjua. "Kwa hivyo wewe ndiye ulinunua."

"Sikununua. Niliazima."

"Sikiliza, rafiki yangu." Konstebo alisogeza kikombe. Hakuwa anatisha, alikuwa kama anayemsaidia. "Hii kesi imetoka juu. Fundi atalala ndani, Jumatatu ataenda kortini, hiyo hatuwezi kubadilisha wewe na mimi. Lakini wewe naweza kukusaidia. Unaandika hapa kwamba alikuuzia, hukujua imetoka wapi. Unaweka sahihi, unaenda kwa watoto wako. Unakuja siku ya kesi kama shahidi, basi."

Kutoka kwenye korido nyuma ya kaunta, ambako kulinuka mkojo na dawa ya kuulia wadudu, sauti ilisikika nyuma ya mlango wa chuma.

"Dalmas? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mlifika?"

"Tulifika. Tumemzika vizuri."

Kisha Enos akauliza, kama fundi anavyomuuliza mteja yeyote, "Ilitulia barabarani?"

Dalmas aliugeukia mlango wa chuma. "Ilitulia," alisema. "Ng'ombe walivuka, nikashika breki. Ikasimama sawasawa."

"Nyamaza huko ndani," konstebo alisema, lakini bila nguvu. Akasukuma karatasi na kalamu mbele ya Dalmas. "Andika, uende. Mvua inakuja."

"Sijui kuandika hivyo, afande. Andika wewe. Andika kwamba mimi ndiye niliyemwomba, kwamba tuliitoa pamoja, mikono yake na yangu, na kwamba nimeileta."

"Nikiandika hivyo na wewe ni mshtakiwa."

"Andika. Na kama kuna mahali pa kuandika ile gari yote ilienda wapi, uandike pia."

Konstebo alimtazama. Kwa muda ilionekana kama atacheka, au atakasirika. Alitazama mlango wa nyuma, ofisi ya mkubwa wake, kisha akavuta kile kitabu kikubwa, akaandika taratibu, akiuliza jina, jina la baba, mtaa. Aliandika hadi kwenye boljointi, akaishia hapo. Kuhusu gari hakuandika kitu.

"Mshipi," alisema alipomaliza, akichukua funguo za selo bila kuinua macho. "Na viatu."

Dalmas alifungua mshipi wake, akaukunja, akauweka juu ya kaunta. Kisha akainama, akaanza kulegeza kamba za viatu.